Kuiendea Kliniki ya Sheria: Mwongozo kwa Watu wa Dundori

Katika nyumba nyingi za Dundori, juu ya kabati au chini ya godoro, pana bahasha ya kaki iliyokunjika pembe, na ndani yake mna cheti cha hisa cha kampuni ya kununua mashamba, stakabadhi tatu nne ambazo wino wake umefifia, na pengine kipande cha karatasi chenye nambari ya kiwanja iliyochotwa katika kura ya ugawaji zamani hizo mwenye nyumba alipokuwa angali kijana. Mwenye bahasha hiyo anajua, kwa yakini isiyohitaji mwalimu, kwamba ardhi anayoilima viazi ni yake. Lakini hati miliki hana, au anayo iliyoandikwa jina la marehemu baba yake, au amesikia fununu kwamba hati hiyo iko, ila imetoka kwa jina la mtu mwingine kabisa. Na akiulizwa kwa nini hajamwendea wakili, hujibu kwa neno moja tu, nalo ni ada. Nimeuandika mwongozo huu kwa ajili yake, na kwa ajili ya mjane, na kibarua aliyefukuzwa bila malipo, na mzazi ambaye mwanawe amelala rumande, ili wajue kwamba upo mlango mwingine, na ili wasiufikie mlango huo mikono mitupu.

Kliniki ya sheria ni idara ya chuo ambamo wanafunzi wa sheria, wakisimamiwa na walimu wao na mawakili wenye leseni, huwapokea watu wasio na uwezo wa kumlipa wakili, wakawasikiliza, wakawapa nasaha, wakawaandikia barua na nyaraka za mahakama, na kuwaonyesha ofisi ipasayo kuendewa, bila kuwatoza ada. Jina lenyewe limeazimwa kwa matabibu, maana kama vile mwanafunzi wa udaktari asivyoweza kuhitimu kwa kusoma vitabu pasipo kumgusa mgonjwa, ndivyo ilivyoonekana kwamba mwanasheria asiyepata kuketi na mtu mwenye dhiki, akamsikia akieleza kwa lugha yake mwenyewe namna alivyodhulumiwa, huhitimu akiwa na ilimu yenye kasoro. Basi usiingie kwa unyonge wa mwombaji sadaka. Wewe unapata msaada, naye mwanafunzi anapata mafunzo, na kila mmoja ana wajibu kwa mwenziwe.

Sisi wa Nakuru tumejaaliwa katika jambo hili kuliko kaunti nyingi. Chuo Kikuu cha Egerton, ambacho makao yake makuu ni Njoro, kimekiweka Kitivo chake cha Sheria katika kampasi ya mjini Nakuru, na Chuo Kikuu cha Kabarak, kilichoko kiasi cha kilomita 20 kutoka mjini kwa barabara ya Eldama Ravine, nacho kina shule yake ya sheria. Mtu wa Dundori, ambaye hana budi kushuka hadi Lanet kwa matatu kila awapo na haja ya mjini, aweza kukifikia kitivo cha kwanza na kurejea kabla ya saa za kukamua ng'ombe jioni. Ulizia kliniki ya sheria kwa jina hilo hilo. Uliza ni siku gani wanapokea watu, na ni lini watatoka tena kwenda mashinani, kwa kuwa desturi ya kliniki ni kufanya siku za msaada wa kisheria nje ya chuo, magerezani, makanisani na katika viwanja vya chifu.

Wala kazi hii si ngeni Afrika Mashariki. Kitivo cha Sheria cha Dar es Salaam, kilichofungua milango yake mwaka wa 1961 kikiwa ndicho cha kwanza katika chuo kile, hakikumaliza miaka kumi kabla ya kuwa na kamati ya msaada wa kisheria kwa raia mafakiri. Nairobi kikaanzishwa Kituo cha Sheria mwaka wa 1973. Na Makerere ikaja kuwa na kliniki ya sheria ya maslahi ya umma mwaka wa 2012. Kwetu Kenya kazi hii ilipata nguvu kamili kwa Katiba ya 2010, ambayo katika ibara ya 48 inaiamuru Serikali ihakikishe kwamba watu wote wanaifikia haki, na kwamba ada, ikiwapo, isiwe kizuizi. Kisha ikaja Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016, iliyounda Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria na kuvitaja vyuo vikuu vyenye kliniki miongoni mwa wanaoweza kuidhinishwa kutoa msaada huo. Kwa hiyo mwanafunzi anayekupokea hakusimama juu ya hisani peke yake.

Hata hivyo yafaa ujue mapema asichoweza kukufanyia, usije ukamlaumu bure. Mwanafunzi si wakili, na sheria ya mawakili ya Kenya imemkataza asiye wakili kujitia katika kazi ya uwakili. Hawezi kusimama mbele ya hakimu akakusemea, ijapokuwa jirani zetu wa Uganda wana kanuni za mwaka 2004 zinazomruhusu mwanafunzi kufanya hivyo chini ya macho ya wakili anayemsimamia, na mimi naona ingefaa nasi tuzitazame. Aghalabu utakachopata ni kuandaliwa wewe mwenyewe ukasimame ukajisemee: uandikiwe madai yako kwa mpangilio, ufundishwe lipi la kusema na lipi la kunyamazia, uambiwe karani wa mahakama atakuuliza nini, na ikiwa shauri ni zito mno, utaelekezwa kwa wakili wa kliniki au kwa yule anayejitolea kupitia chama cha mawakili. Fauka ya hayo, Sheria ile ya 2016 imeyatoa mambo kadhaa nje ya msaada wake: kodi, udaiaji wa madeni, kufilisika, kesi za kuchafuliwa jina, na mashauri ya makampuni. Ikiwa jirani amekutukana sokoni siku ya gulio, usile nauli kwa ajili hiyo.

Sasa tuje kwenye maandalizi, ambayo ndiyo nusu ya safari, na ndiyo nitakayoyakalia zaidi, kwa sababu nimeona watu wengi wakirudi nyumbani bila faida, si kwa kuwa kliniki iliwapuuza, bali kwa kuwa walikwenda na malalamiko bila ithibati.

Siku mbili kabla ya kwenda, itoe ile bahasha, mwaga yaliyomo juu ya meza, na uyapange kwa tarehe, la zamani kabisa likiwa juu. Usichague lipi la maana na lipi si la maana. Hiyo ni kazi ya msomi wa sheria, na karatasi uliyoidhani takataka yaweza kuwa ndiyo roho ya shauri lako. Katika ardhi za pande hizi, zilizokuwa mashamba ya walowezi na kununuliwa baada ya uhuru na vyama na makampuni ya wananchi, kama vile Ngwataniro-Mutukanio iliyojulikana sana Nakuru katika miaka ya 1970, haki ya mtu huanzia kwenye cheti cha hisa na stakabadhi za malipo. Kisha hufuata nambari ya uanachama, karatasi ya kura, stakabadhi ya fedha za saveya, barua za wakurugenzi, na kumbukumbu za mkutano wowote ambamo jina lako au la mzazi wako lilitajwa. Ikiwa ulinunua kwa mwanachama, leta makubaliano ya mauzo, nawe ujue kwamba sheria yataka makubaliano ya ardhi yawe ya maandishi, yenye sahihi za pande zote mbili, na kila sahihi ishuhudiwe. Leta pia idhini ya bodi ya ardhi kama ilitolewa, maana ardhi ya kilimo ikiuzwa bila idhini hiyo, ambayo maombi yake sharti yapelekwe ndani ya miezi 6 tangu makubaliano, uuzaji huo hubatilika kisheria, hata kama fedha zimelipwa zote na mnunuzi amekwisha jenga. Hili ndilo shimo lililowameza wengi huku kwetu. Usikate tamaa ikiwa umo ndani yake, kwani mahakama ina uwezo wa kurefusha muda kwa sababu za kutosha, na fedha zilizolipwa zaweza kudaiwa zirudi. Lakini usimfiche mwanafunzi jambo hilo ukitumaini hataliona.

Kabla hujashuka Nakuru, au siku hiyo hiyo ukiwa mjini, pitia ofisi ya usajili wa ardhi uombe kuangaliwa rejista, jambo ambalo watu wamelizoea kwa jina la sachi, ili ujue nambari hiyo ya shamba imeandikwa jina la nani leo hii, na kama ina rehani au kizuizi. Karatasi hiyo moja hukata maneno ya mwaka mzima. Nimewajua watu waliogombana na ndugu zao kwa miaka kwa sababu ya hati miliki ambayo, walipokwenda kuangalia rejista, walikuta haijatolewa kwa yeyote.

Ikiwa shida yako ni mirathi, bahasha itakuwa nyingine. Hapo pahitajika cheti cha kifo, vitambulisho vya warithi, nakala ya hati miliki au sachi yake, na barua ya chifu yenye majina ya wote waliofiwa; nami nasema wote kwa kukazia, wake wote, watoto wote, wa nyumba kubwa na ndogo, waume kwa wake, walioolewa na wasioolewa. Ile kauli kwamba binti aliyeolewa hana fungu kwa baba yake haina nguvu tena mahakamani, kwani Mahakama ya Rufani iliikataa mwaka wa 2005 katika shauri la Rono lililosikizwa Eldoret, na Katiba ya 2010 ikaupiga msumari wa mwisho ubaguzi huo. Maombi yakishapelekwa, hutangazwa katika Gazeti Rasmi la Serikali, na mwenye pingamizi hupewa siku 30. Hati ya usimamizi ikitoka, hungojewa miezi 6 kwa kawaida ndipo ithibitishwe na mali igawanywe. Msimamizi aliyeipata hati kwa kuwaficha baadhi ya warithi hajasalimika, maana hati hiyo yaweza kubatilishwa wakati wowote. Na ikiwa shamba liliandikwa jina la kaka mkubwa kwa niaba ya nyumba nzima, kama ilivyokuwa ada ya wazee wetu, mwambie mwanafunzi maneno hayo waziwazi, kwa kuwa Mahakama ya Juu iliamua mwaka wa 2018, katika shauri lililotoka Meru, kwamba amana ya kimila ya namna hiyo yaweza kumfunga mwenye jina kwenye rejista, hata kama hao wengine hawakai juu ya ardhi hiyo.

Baada ya karatasi, andaa masimulizi. Mzee mmoja niliyemsindikiza, mtu wa heshima zake na mwenye kumbukumbu kali, alipoulizwa na binti wa chuo, "Mzee, ni mwaka gani walipoingia shambani mwako?" alijibu kwamba ni wakati wa mvua ya El Niño, mahindi yakiwa yamefika magotini. Binti yule hakucheka wala hakukunja uso. Aliandika 1997, akauliza kama ilikuwa kabla ya Krismasi au baadaye, na kwa njia hiyo, tukishika sikukuu moja hadi nyingine, mavuno haya hadi yale, tarehe zote zikapatikana. Nakushauri ulifanye zoezi hilo nyumbani, jioni, pamoja na mtu mnayekumbukana: mtoto wa ngapi alikuwa amezaliwa, nani alikuwa chifu, ulikuwa mwaka wa ukame gani. Andika kwa ufupi, tukio moja kwa mstari mmoja. Hapana haja ya maneno makubwa ya kisheria. Afadhali useme "alinisukuma nikaanguka mtaroni" kuliko kusema ulishambuliwa, kwa sababu la kwanza ni ushahidi na la pili ni hukumu, na hukumu si yako kuitoa.

Ukweli wote sharti utolewe, na ule unaokuumiza ndio utangulie. Ikiwa ulipokea fedha, sema; ikiwa ulitia sahihi bila kusoma, sema; ikiwa kuna kesi nyingine iliyokwisha amuliwa, leta hukumu yake. Unayoyasema ndani ya chumba kile ni siri, nao walimu huwafundisha wanafunzi hivyo kwa mkazo. Lakini ukimficha anayekuandikia hati ya kiapo, uongo utaapishwa kwa jina lako, si lake. Taja pia jina la mpinzani wako mwanzo kabisa, kwa maana huenda yeye amekutangulia kwenye kliniki ile ile, na ikiwa ndivyo, hawawezi kukusikiliza wewe baada ya kumsikiliza yeye, watakuelekeza kwingine.

Jambo la muda nalitenga peke yake, kwa kuwa hakuna hila ya wakili wala huruma ya hakimu inayoliponya kwa urahisi. Haki huzeeka. Madai ya kuirudisha ardhi hufungwa baada ya miaka 12. Madai ya mkataba baada ya miaka 6. Madai ya kudhuriwa, kama vile ajali ya barabarani, baada ya miaka 3. Na madai ya mfanyakazi kwa mwajiri wake, awe wa mashamba ya maua au wa duka la mjini, miaka 3 pia. Aliyedhuriwa na Serikali au mtumishi wake akiwa kazini amepunguziwa zaidi, kwa maana ana miezi 12 tu. Yule mzee wa El Niño, ambaye shamba lake liliingiwa mwaka wa 1997, alikwenda kliniki baada ya miaka zaidi ya 20, na sehemu kubwa ya siku ile ilipita katika kutafuta kama kulikuwa na barua, au kesi kwa chifu, au malipo yoyote ambayo yangeweza kuuvunja mwendo wa muda huo. Hayakupatikana. Alisikilizwa kwa adabu, akaelezwa kwa taratibu, naye akakunja karatasi zake akashukuru. Nami njiani kurudi sikuwa na neno la kumwambia. Laiti angekwenda akiwa bado na miaka yake 12.

Wenye madai madogo ya fedha wana njia fupi ambayo kliniki itakufundisha kuipita peke yako. Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai yasiyozidi Sh1,000,000, ya bidhaa zilizouzwa au kazi iliyofanywa bila kulipwa, ya mali iliyoharibiwa, ya majeraha. Huruhusu mtu kujisemea bila wakili, hukubali Kiswahili, na sheria yake yataka hukumu itolewe ndani ya siku 60 tangu shauri lifunguliwe. Mwenye lori aliyechukua viazi vyako kwa ahadi ya kulipa Jumatatu, na Jumatatu hiyo haijafika hadi leo, ni mtu wa mahakama hiyo. Ardhi na kazi za ajira hazimo.

Kwa aliyekamatwa nitasema machache, kwani wakati wenyewe huwa ni wa haraka. Aliyekamatwa sharti afikishwe mahakamani kabla ya saa 24 kupita, au siku ya kwanza ya mahakama ikiwa muda huo unaishia siku isiyo ya kazi. Ana haki ya kuachiliwa kwa dhamana ila pawe na sababu nzito za kuzuia. Na ikiwa kosa lenyewe adhabu yake ni faini peke yake, au kifungo kisichozidi miezi 6, hapaswi kuwekwa rumande. Kwa hiyo mzazi usikimbilie kuuza ng'ombe kabla hujajua mwanao ameshtakiwa kwa kifungu gani. Wanafunzi wanaozuru magereza hukuta vijana waliokaa miezi mingi kwa sababu hapana mtu wa kwao aliyejua walipo, au kwa sababu dhamana iliyowekwa haikuwa na uwiano na hali yao wala hapakuwa na wa kuwaandikia ombi ipunguzwe. Barua ya ukurasa mmoja iliyoandikwa vyema imefungua malango mengi.

Nimefika sasa kwenye jambo ambalo ndilo lililonisukuma kuandika. Tumezoea kuiendea sheria mmoja mmoja, kila mtu na bahasha yake, kila mtu na aibu yake, ilhali dhulma inayotupata aghalabu ni moja. Watu 40 wa mtaa mmoja huenda na vyeti 40 vya hisa vya kampuni moja, vyenye kasoro moja. Wakienda mbalimbali watakuwa mizigo 40 juu ya kliniki yenye wanafunzi wachache, na wakienda pamoja watakuwa shauri moja la maslahi ya umma. Ibara ya 22 ya Katiba imeufungua mlango huu kwa upana usiokuwapo zamani: mtu aweza kwenda Mahakama Kuu kutetea haki za msingi kwa niaba ya asiyeweza kwenda mwenyewe, au kwa niaba ya kundi, au kwa maslahi ya umma, na hakuna ada inayotozwa kwa kufungua shauri la namna hiyo.

Chukua mfano wa gunia la viazi. Kanuni za viazi za mwaka 2019 zimeweka kwamba gunia lisizidi kilo 50. Nawe mkulima wa Dundori wajua vyema kuliko mimi namna magunia yanavyorefushwa kwa nyavu na kushindiliwa hadi yawe kama watu wawili waliobebana, na bei ikabaki ya gunia moja. Mkulima mmoja akikataa, mnunuzi hupanda gari akaenda kwa jirani, na viazi vya mkataaji vikaoza. Kwa hiyo si haki kumwambia mtu peke yake asimame. Lakini wakulima wa kata moja wakikubaliana kupima kila gunia kwa mizani kabla halijapakiwa, wakaandika tarehe, uzito, bei na nambari ya gari, wakapiga picha kwa simu zao, wakafanya hivyo msimu mmoja mzima bila ajizi, watakuwa na daftari ambalo kliniki yoyote ya sheria italipokea kwa mikono miwili. Kwa daftari hilo huandikwa barua kwa Mamlaka ya Kilimo na Chakula na kwa serikali ya kaunti kuuliza kanuni inasimamiwa na nani na kwa nini haisimamiwi. Huandikwa ombi rasmi kwa bunge la kaunti, na kila raia ana haki ya kupeleka ombi la namna hiyo. Na yakishindikana hayo, ndipo huandaliwa shauri. Kadhalika Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inailazimu ofisi ya umma kumjibu raia ndani ya siku 21 anapoomba habari iliyo mikononi mwake, nayo ni silaha ambayo wachache huitumia. Ombi lake ni barua fupi, na mwanafunzi wa mwaka wa pili aweza kukuandikia.

Dhulma inayowapata wengi kwa pamoja iko karibu nasi zaidi kuliko tunavyopenda kukumbuka. Usiku wa tarehe 9 Mei 2018 bwawa la Patel lilipasuka kule Solai, katika kaunti hii yetu, maji yakashuka juu ya nyumba za watu na kuua zaidi ya 40. Kila familia ilikuwa na msiba wake, lakini swali la nani aliruhusu bwawa, nani alilikagua, na nani alipaswa kuwaonya waliokaa chini yake, halikuwa la familia moja. Maswali ya namna hiyo hufaa yaulizwe maji yakiwa bado nyuma ya ukuta. Ikiwa pana bwawa juu ya kijiji chako, au machimbo ya mawe yanayokula barabara ya shule, au mto unaotiwa uchafu, usingoje maafa ndipo uitafute kliniki. Nenda na majirani wako, mkiwa na picha na tarehe, mkaulize.

Mkienda kwa wingi, chagueni watu wawili au watatu wa kusema kwa niaba yenu, mmoja wao awe mwanamke na mmoja awe kijana, na muwaandikie idhini yenye majina, nambari za vitambulisho na sahihi za wote. Wekeni nakala za kila karatasi, nanyi msiache chuoni hati halisi hata moja. Wanafunzi huhitimu wakaondoka, likizo za chuo huja kila mwaka, na jalada lililoanzwa na kijana mmoja humaliziwa na mwingine. Kwa hiyo shikeni jina la mwalimu anayesimamia, si la mwanafunzi tu, na mrudi siku mliyoambiwa, hata kama hamna jipya la kusema. Msimpe mwanafunzi fedha. Yeyote atakayewataka chochote mlangoni akidai kwamba yeye ndiye awajuaye watu wa ndani, mwacheni hapo hapo na mumtaje kwa mwalimu huyo.

Basi ikiwa bahasha iko juu ya kabati lako, itoe leo jioni, itazame tarehe iliyoandikwa kwenye stakabadhi ya mwisho, hesabu miaka iliyopita tangu siku hiyo, kisha mwite jirani mwenye bahasha kama hiyo mwende pamoja.